Kwa nini madogo wengi wa mwaka wa kwanza chuo wanakamata sapu semesta ya kwanza, hata wale waliotoka na divisheni wani

#1 Mleta uzi

Wakuu salama humu?

Kila matokeo ya semesta ya kwanza yakianza kutoka maneno yanakuwa yale yale. Dogo wangu kakamata sapu tatu (mitihani ya kurudia kozi alizofeli), mara lekcha fulani ana roho mbaya, mara kozi fulani haijawahi kupitisha watu. Mimi nimefanya kazi ya TA (msaidizi wa lekcha) kwenye chuo kimoja cha serikali hapa Tanzania, nimesahihisha testi za mwaka wa kwanza, nimeendesha semina zao, nimekaa nao kwenye vimbweta (meza na viti vya nje vya kusomea) wananionyesha karatasi zao wanauliza "sa hapa nimekosea nini". Naandika kwa ajili ya wanaoingia mwezi wa kumi na moja na kwa wazazi wao, maana inaniuma sana kuona mtoto aliyetoka form six na wani ya pointi 5 anafika chuo anaanguka kozi ambayo robo tatu ya mambo yake alishayasoma Advance.

Niseme kabisa msimamo wangu mapema ili tusizunguke. Sapu ya UE (mtihani wa mwisho wa semesta) ya Februari inapatikana Novemba na Desemba. Wiki sita za kwanza za semesta ndo zinaamua nani anavuka, na hizo ndo wiki ambazo mwaka wa kwanza yupo yupo tu, hajui ratiba, hajui ukumbi, hela hana au ndo kwanza kaipata na inamuwasha.

Tuanze na hesabu ambayo hakuna anayewaambia hawa watoto. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Sio saa za lekcha, ni saa zake zote za kujifunza, lekcha imo, semina imo, kusoma mwenyewe kumo, asaimenti imo. Sasa kozi ya krediti 12 ni saa 120. Semesta ichukulie ni wiki 15, maana yake kozi hiyo moja inataka saa 8 kwa wiki. Ukiangalia ratiba unaikuta ina lekcha saa mbili au tatu na semina saa moja basi. Zile nne zilizobaki ziko wapi? Hazipo kwenye ratiba popote, unatakiwa uzitafute mwenyewe. Semesta nzima ni kama krediti 60 hivi, saa 600, gawa kwa 15 unapata saa 40 kwa wiki. Yaani chuo ni ajira kabisa ya Jumatatu mpaka Ijumaa, asubuhi mpaka jioni, ila dogo anaiona ratiba yake Jumatano iko wazi, Ijumaa ana kipindi kimoja, anaandika kwenye grupu la familia "chuo raha sana hatusomi sana". Mzazi akisikia hivyo ashtuke.

Form six alikuwa anapangiwa kila kitu jamani. Kengele ya prepo, mwalimu wa zamu, mock ya mkoa, roll call, necta za miaka kumi zimefungwa kitabu kimoja na majibu yake, tuisheni ya likizo. Mtihani wa mwishoni mwa miaka miwili ndo unaamua kwa kiasi kikubwa, so hata ukilala form five mwaka mzima unaweza kuamka form six Januari ukapiga msuli miezi minne ukatoka na wani, na wengi sana wametoka hivyo hivyo. Wanafika chuo na imani hiyo hiyo kwamba nitaamka karibu na pepa. Chuo hakikupi nafasi hiyo, kwa sababu wiki ya sita au ya saba testi ya kwanza hiyo hapo na alama zake zinaingia kwenye matokeo ya mwisho moja kwa moja.

Hapa kwenye kozi weki naomba watu wanisome taratibu. Kozi nyingi ni 40 kwa 60, yaani testi, kwizi, asaimenti na presentesheni zinabeba 40, UE inabeba 60. Kufaulu kwa vyuo vingi ni 40 ambayo ni C (kozi za afya nyingi kiwango kiko juu ya hapo). Mwanafunzi aliyeingia UE na kozi weki 28 anahitaji 12 tu kati ya 60 ili avuke. Huyo hata siku ya pepa akiamka na homa anavuka. Aliyeingia na 14 anahitaji 26 kati ya 60. Ukiiandika kwenye karatasi inaonekana ndogo ndo maana wanajipa moyo, lakini huyu mwenye 14 ndo yule yule ambaye hakuelewa mada za mwanzo, na mada za mwisho zimejengwa juu ya hizo za mwanzo, na ana kozi nyingine nne au tano za hali hiyo hiyo zinamsubiri ndani ya wiki mbili. Hapo bado hujaenda kwenye vyuo vinavyotaka ufikishe kiwango fulani cha kozi weki ndo uruhusiwe kukaa UE.

Kwa hiyo ukiniuliza mtu anafeli lini nakwambia anafeli siku ile anapokea testi ya kwanza ana 6 kati ya 20 anaikunja anaiweka kwenye begi. Hiyo karatasi ndo kitu cha thamani kuliko vyote alivyopewa chuoni muda huo na wengi hawaifungui tena. Nimekaa ofisini baada ya kurudisha testi za darasa kubwa tu, wanaokuja kuuliza walikosea wapi ni wale waliopata 15 wanaotaka 17. Mwenye 6 haji. Anaona aibu, au anaogopa, form six mwalimu alimzoesha kwamba kwenda ofisini ni kwenda kuchapwa.

Naendelea chini, nisiwachoshe.

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Sasa kwa nini hizo wiki za mwanzo zinapotea? Sababu ya kwanza ni hela wala tusipindishe. Mkopo unatoka kwa awamu, kuna wanaojikuta awamu ya kwanza na kuna ambao jina linatoka wakati wenzao wameshaanza vipindi. Mtoto wa mkulima wa Kigoma au Songea ambaye jina halijatoka anaripotije? Wazazi wanasema subiri mwanangu tuuze mahindi. Anafika wiki ya tatu au ya nne, anakuta lekcha ana slaidi za mada ya tatu, makundi ya asaimenti yameshajazwa, hosteli zimejaa. Huyu simlaumu hata kidogo. Ila namwambia kitu kimoja, akifika tu amtafute CR (mwakilishi wa darasa) siku hiyo hiyo, achukue madesa (notisi) yote, na aende kwa lekcha ajitambulishe kwamba nimechelewa kwa sababu hizi. Lekcha wengi watamsikiliza kama hajasubiri mpaka testi imepita.

Na aliyepata naye ana mtihani wake. Bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) la chakula na malazi lilishapanda kutoka 8,500 mpaka 10,000 kwa siku, na linaingia la siku nyingi kwa mkupuo. Mtoto hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe leo ana laki kadhaa kwenye akaunti. Wiki mbili za kwanza ni chips kuku, simu mpya, viatu, wengine mikeka ya betting ndo usiseme. Wiki ya tano anakula mlo mmoja, anashinda anatafuta wa kumkopa, na hapo hapo ndo testi zinaanza. Ukiona dogo amelala kwenye kipindi cha mchana usikimbilie kusema mvivu, muulize kwanza kala nini jana.

Makazi nayo. Asiyepata chumba cha chuo ama anabebana, watu wawili kitanda kimoja chumba ambacho tayari kina watu wanne, ama anapanga mbali. Kipindi kinaanza saa moja asubuhi na yeye anatokea Mbagala au Gongo la Mboto kwenda Mlimani (UDSM), anatakiwa awe kituoni saa kumi na moja alfajiri. Jioni akirudi foleni, akifika kachoka. Saa nne zake za kila kozi zimeishia barabarani.

Sababu nyingine ambayo haisemwi ni kozi yenyewe alivyoipata. Kuna mtu kasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) anataka udaktari, nafasi haikutosha, kaangukia kozi ambayo aliiweka chaguo la nne ili mradi nafasi zijae. Kuna mwingine kachagua ualimu wa sayansi kwa kuwa kasikia ndo wenye uhakika wa mkopo. Huyu semesta ya kwanza yote moyo haupo, anajiambia mwakani naomba upya, anasoma mguu nje mguu ndani. Anaingia kwenye matokeo na sapu nne na mwakani hakuomba popote.

Halafu kuna kozi ambazo ni ngeni kabisa, na hizi ndo zinakamata vibaya. Kompyuta kwa mfano, mtoto ametoka shule ambayo kompyuta ilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule tu, wiki ya pili anaambiwa andika programu kwa lugha ya C, na pembeni yake kuna mwenzake kasoma shule binafsi na ana laptopu tangu form two. Yeye anaandika kodi kwenye daftari kama insha, anaikariri, halafu UE inakuja na swali lingine. Sheria nayo, watu wa HGL na HKL (michepuo ya historia na lugha) wanakuja wamezoea kumwaga maelezo kurasa nne, kule wanapewa kisa cha mtu na mtu wanaambiwa toa ushauri. Unatakiwa useme suala liko wapi, sheria inasemaje, inaingiaje kwenye kisa hiki, mwisho unafikia wapi. Dogo anaandika historia nzima ya sheria ya mikataba, anapata 4 kati ya 15, anasema lekcha kanichukia. Mainjinia wapya nao wanajua hesabu vizuri tu, ila ile michoro ya kihandisi hawajawahi kuigusa kama hawakupita shule za ufundi.

Na usishangae, sapu nyingi nilizoziona ziko kwenye kozi zinazodharauliwa. Stadi za mawasiliano na zile za maendeleo, DS (Development Studies). Watu wanaziita za kubabaisha, hawaingii vipindi, wanasubiri madesa ya mwaka wa pili. Krediti zake zinahesabika kama nyingine zote na F yake ni F. Tena DS inataka usome makala za watu, ujenge hoja kwa Kiingereza chako mwenyewe, hapo ndo lugha inapowaumbua wengi. Tangu form one anafundishwa kwa Kiingereza lakini majibu yote alikuwa anakariri kutoka kwenye notisi, hajawahi kuombwa maoni yake mwenyewe kwa lugha hiyo. Dawa yake hata sio kubwa, ni kuandika ukurasa mmoja kwa wiki na kumpa mtu ausome, ila nani anaandika bila kuambiwa kuna maksi?

Asaimenti za kundi nimeziacha makusudi mwisho. Kundi la watu kumi, wawili wanafanya, nane wanatuma jina na namba ya usajili kwenye WhatsApp. Kundi linapata 8 kati ya 10, wote wanafurahi. Swali lile lile linarudi kwenye testi na wale nane hawana hata pa kuanzia. Mkijiuliza kwa nini mtu ana asaimenti nzuri na testi mbovu jibu ndo hilo.

#3

Mkuu umeandika ukweli mtupu ila umewaonea huruma sana malekcha. Darasa la watu mia sita, maiki mbovu, lekcha anasoma slaidi neno kwa neno anaondoka. Testi ya kwanza tumerudishiwa wiki moja kabla ya UE, sasa hiyo karatasi yenye thamani ningejifunza nayo saa ngapi? Semina TA hakutokea karibu semesta yote. Tusimbebeshe mtoto kila kitu.

#4 Mleta uzi

Mkuu #3 hapo sina ubishi na ilitakiwa kuwe na mtu wa kulisema. Testi ikirudi wiki ya kumi na nne haimsaidii mtu, inakuwa ni kumbukumbu tu. Nikwambie hali ilivyo upande wa pili, TA mmoja unaweza kupewa makundi ya semina mengi na rundo la vitabu vya testi, na wewe mwenyewe unasoma masters. Hiyo ni sababu, haimfanyi mwanafunzi apate haki yake. Nadhani kama kuna kitu kimoja vyuo vingefanya kesho asubuhi ni kuweka kwizi ndogo wiki ya tatu, ya maswali matano, inasahihishwa siku hiyo hiyo hata na wanafunzi wenyewe kwa kubadilishana karatasi. Dogo ajue wiki ya tatu kwamba hajui, wiki ya tatu bado ana muda. Mimi kwenye semina zangu nilikuwa naanza na swali moja dakika kumi, majibu tunayatoa pale pale. Haikuhitaji bajeti.

Ila pia kama semina hazifanyiki CR yupo kwa kazi gani? Mwaka wa kwanza wanamchagua CR kwa uchangamfu, halafu hawamtumi ofisini. Nendeni idarani kwa mkuu wa idara, kwa heshima, kwa maandishi. Wengi wanalalamika kwenye grupu semesta nzima na idara haina hata barua moja.

#5

Mimi nilikuwa naishi off (nje ya chuo), naongezea kwa wadada. Ukipanga mtaani kipindi cha jioni kinaisha saa mbili usiku, njia ina giza, so unaacha vipindi vya jioni vyote kwa usalama wako. Hakuna anayehesabu hilo. Na ukiwa mbali unakosa diskasheni za usiku, wenzako wanasovu pasti pepa kwenye vimbweta wewe uko kwenye daladala. Kilichoniokoa ni kutafuta wenzangu watatu tunaokaa mtaa mmoja, tukawa tunasoma chumbani kwa mmoja wetu kila Jumamosi na Jumapili asubuhi, kila mtu anafundisha mada yake ubaoni, ubao wenyewe ni kipande cha hardbodi. Yule unayemfundisha akikuuliza swali ukakwama ndo unajua hujaelewa.

#6 Mleta uzi

Dada #5 asante sana, hiyo ya kufundishana naomba kila dogo aisome mara mbili. Diskasheni nyingi ninazozijua ni mmoja anaongea saba wanaitikia, wakitoka pale kila mtu anajiona kaelewa. Pasti pepa pia zina namna yake, mwaka wa kwanza wanazisoma pamoja na majibu wakiwa wamekaa. Funga majibu, weka saa, andika mwenyewe kwa peni, ndo ufungue.

#7

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwaka wa kwanza, matokeo yametoka nina sapu mbili na GPA 1.9, sijalala jana. Nimewaza niache tu niombe upya mwakani. Nyumbani sijawaambia. Nisaidieni.

#8 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Kwanza usiache, na usifanye uamuzi wowote wiki hii.

Ingia kwenye mfumo wa matokeo uangalie vizuri hizo kozi mbili zimeandikwa nini. Wakati mwingine mtu anaona haina alama anadhani ni sapu kumbe ni I, yaani kuna kitu hakijakamilika, kozi weki haijaingizwa au hukujisajili kozi kwenye mfumo. Hiyo inarekebishwa idarani, nenda na karatasi zako za testi kama umezitunza. Kama ni kufeli kweli basi omba kuona kozi weki yako na ya UE kila moja peke yake, ujue ulianguka upande gani.

Pili, vyuo vingi vinaangalia GPA ya mwaka mzima kuamua nani anadisko (anaondolewa chuo), ya semesta moja haikufukuzi. Soma prospektasi ya chuo chako kile kipengele cha mitihani, ni kurasa chache tu, ujue mstari uko wapi maana vyuo vinatofautiana. Maana yake semesta ya pili ndo kazi yako kubwa sasa hivi. A ni pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, na zinazidishwa kwa krediti, kwa hiyo kozi za krediti nyingi za semesta ya pili ukizipiga B na B+ unapanda vizuri. Wenye sapu wengi wanakosea hapa, wanatumia semesta ya pili kulilia ya kwanza wanajikuta na sapu nne.

Sapu zenyewe vyuo vingi zinafanyika mwisho wa mwaka, Septemba hivi, kabla mwaka mpya haujaanza. Ukifaulu unaandikiwa C hata kama ulipata 75, basi ichukue hiyo C uvuke. Ukifeli sapu ndo inageuka keri, unaibeba mwaka wa pili juu ya kozi za mwaka wa pili, na huo mzigo sikutakii. Panga saa nne kwa wiki kwa kila kozi ya sapu kuanzia sasa, usisubiri Agosti.

Ukiumwa au ukipata msiba wakati wa UE usikae kimya hosteli. Nenda hospitali ya chuo au kwa mshauri wa wanafunzi kabla ya pepa uombe kuahirisha kwa maandishi. Asiyetokea bila barua anahesabiwa kafeli.

Na nyumbani waambie. Piga simu kwa yule unayeweza kuongea naye, mama, shangazi, kaka, yeyote. Mwambie nina kozi mbili za kurudia Septemba, nahitaji nauli na hela ya kula kipindi hicho maana bumu la wakati huo halitakuwepo. Hilo la hela ya Septemba watu wanalisahau na wapo wanaokosa sapu kwa sababu tu walikosa nauli ya kurudi chuo.

Nitumie inbox majina ya hizo kozi mbili na ulichopata testi ya kwanza na ya pili. Kama ni za upande ninaoujua nitakutafutia pasti pepa na nitakuelekeza mada za kuanza nazo, kama sio basi naomba wadau humu waliosoma fani hiyo wajitokeze.

#9

Dogo #7 kozi zako zikiwa za uhasibu au uchumi nipo, njoo inbox. Sitaki hata mia yako.